Vindege wa matopeni wanaotoka Siberia mpaka Moshi: maswali ninayoulizwa kila siku

Kila nikikaa kwenye tuta la jaruba kule Chekereni na darubini yangu, nusu saa haipiti mtu hajasimama. Atasimama wa baiskeli, atasimama mama anayetoka kupandikiza, watoto wa shule ndo usiseme, na maswali ni yaleyale, unatazama nini, unapima shamba la nani, hao ndege wanaliwa. Nimeona niandike majibu yote sehemu moja. Mi naishi Moshi, hawa ndege nawafuatilia mwaka wa tisa sasa, na kitu ninachotaka watu wa huku wakielewe ni kwamba hii habari ya kufuatilia safari za ndege sio ya mashine za Ulaya peke yake, jicho la mtu aliyesimama kwenye tope la kwetu hapa lina kazi kubwa sana humo.

Ni ndege gani hasa unaowasema?

Ni vile vindege vidogo vya pembeni ya maji, miguu myembamba, mdomo mwembamba, muda wote wanakimbia na kudonoa kwenye tope. Watu wa pwani wanawaita vitwitwi, wengine wanasema chamchanga, huku kwetu wengi wanasema tu ndege wa majarubani. Wako wa aina nyingi na majina ya Kiswahili hayatoshi kuwatenganisha kwahiyo nitatumia ya kitaalamu pale inapobidi, mnivumilie.

Mmoja wa wadogo kabisa wanaokuja huku ni Calidris minuta. Ana gramu 20 na kitu. Chota vijiko viwili vya chakula vya sukari uweke kwenye kiganja, ndo uzito wake huo, manyoya na mifupa na kila kitu. Kuna Calidris ferruginea ambaye mdomo wake umepinda kwenda chini, kuna Tringa glareola mwenye madoadoa mgongoni anayependa sana majaruba, kuna Calidris pugnax ambaye dume lake ni kubwa hasa, na kuna Actitis hypoleucos ambaye hata kama hujawahi kwenda ziwani umeshamuona, yule anayetikisa makalio muda wote juu ya mawe ya mtoni, hata mto Themi katikati ya Arusha yupo, hata Karanga.

Wanatoka wapi, na wanakuja lini?

Wengi wanazaliwa kaskazini kabisa mwa dunia, kwenye tundra, ile ardhi isiyo na miti inayoanzia juu ya Norwei na kuendelea Urusi yote mpaka Siberia. Calidris ferruginea kwa mfano anazaliana Siberia peke yake, na rasi ya Taimyr ni moja ya sehemu zake kubwa. Kutoka Taimyr mpaka Arusha kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 9,600, yaani sawa na kwenda Dar kwa basi mara kumi na tano, na wao hawaendi kwa mstari ulionyooka.

Wakubwa wanaanza kutokea mwezi wa nane, wengine hata mwishoni mwa wa saba. Watoto wanafuata kuanzia wa tisa hivi. Wanakaa kwetu mpaka wa nne, wachache mpaka wa tano, halafu wanarudi kuzaa. Kwahiyo ukihesabu miezi, huyu ndege anayeitwa wa Siberia anakaa Siberia miezi miwili tu hivi, muda mwingi wa maisha yake yuko Afrika au yuko njiani. Mi huwa nawaambia watu hawa sio wageni, ni watu wa huku wanaoenda kule kuzaa tu.

Hao si ndo wanakula mpunga wetu?

Hapana, na hili swali nalijibu kwa herufi kubwa kila mara maana kuna watu wanawafukuza kwa mawe, na kuna sehemu wanawekewa sumu kwa kudhaniwa ni kwelea. Kwelea ni Quelea quelea, mdomo wake mnene umechongoka kama koni, anatua juu kwenye suke. Hawa vitwitwi hawapandi kwenye suke hata siku moja, wako chini kwenye tope wanakula viluwiluwi vya mbu na vya nzi wadogo, minyoo, mende wa majini. Kusema ukweli wote, yule Calidris pugnax anakula na punje, lakini anaokota zilizodondoka baada ya mavuno. Za kwenye shina hazigusi.

Zamani watu walijuaje kwamba ndege wanasafiri mbali hivyo?

Hawakujua. Miaka mingi sana watu wa Ulaya waliamini kwamba ndege wakipotea kipindi cha baridi wamejificha kwenye mashimo au wamelala kwenye matope chini ya maji, hata Aristotle mwenyewe, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliandika habari za ndege kujificha. Halafu mwaka 1822 kule Klütz, Ujerumani, akapigwa risasi korongo mmoja ambaye shingoni alikuwa amechomwa mkuki wa mbao kutoka Afrika. Aliruka nao mpaka kule! Mpaka leo yupo amekaushwa kwenye Chuo Kikuu cha Rostock. Hebu fikiria, ushahidi wa kwanza wa maana wa safari ya ndege kati ya Afrika na Ulaya ni mkuki wa Mwafrika aliyemkosa kitoweo chake.

Pete zikaja baadaye. Mwaka 1899 mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Cornelius Mortensen, wa mji wa Viborg, alianza kuwavisha ndege pete za aluminiamu zenye namba na anuani. Mpaka leo kazi ni ileile, pete ina namba, ndege anavishwa mguuni, anaachiwa, na mtu mwingine akimkuta sehemu nyingine anatoa taarifa. Kwahiyo unakuwa na nukta mbili, alipovishwa na alipokutwa. Katikati hapo hujui kitu.

Sasa mbona msiwafungie GPS kama ya gari?

Hili ndo swali la vijana wa bodaboda na ni swali zuri kuliko wanavyodhani.

Tatizo la kwanza ni uzito. Kanuni ambayo watafiti wengi wanaifuata ni kwamba kifaa kisizidi asilimia 3 ya uzito wa ndege, wengine wanaruhusu mpaka 5. Piga hesabu, ndege wa gramu 25, asilimia 3 ni gramu 0.75. Hiyo ni kama punje 30 za mchele hivi. Humo uweke betri, uweke antena, uweke kila kitu na gundi yake.

Tatizo la pili, ile GPS ya gari inajua ilipo lakini ili wewe ujue lazima ina laini ya simu ndani inakutumia taarifa, sasa tundra ya Siberia nani kaweka mnara? Kwahiyo ndege anatakiwa abebe kifaa kinachoongea na setilaiti moja kwa moja, na hivyo vipo, vinatumia mfumo wa Argos ambao umeanza tangu 1978, vina kioo cha sola mgongoni, lakini vidogo kabisa ni kama gramu 2. Ndege wa gramu 100 anaweza kubeba. Huyu wetu wa vijiko viwili vya sukari hawezi, utamuua.

Kwahiyo wale wadogo wanafuatiliwaje?

Hapa ndo mi huwa napenda sana kueleza, naombeni msome taratibu.

Kuna kidude kinaitwa jiolokeita, kuna vya nusu gramu na kitu, kinafungwa mguuni. Hakina GPS na hakiongei na mtu yeyote. Kinafanya vitu viwili tu, kinasoma mwanga na kina saa. Kila dakika chache kinaandika, sasa hivi kuna mwanga kiasi hiki, basi. Unaweza kujiuliza mwanga utakuambia nini kuhusu mahali.

Chukua hapa kwetu. Saa zetu zote Tanzania ni moja, lakini jua sio moja. Dar jua la utosini linatangulia la Arusha kwa dakika kama 10 kwa sababu Dar iko mashariki zaidi. Kila nyuzi moja ya dunia kwenda mashariki au magharibi ni dakika 4 za jua. Ndo maana Arusha jua linafika utosini kama saa sita na nusu kwa wastani na sio saa sita kamili, fuatilieni kivuli chenu mtaona. Kwahiyo kidude kikikuonyesha mchana ulikatika katikati saa ngapi, unajua ndege alikuwa mashariki au magharibi kiasi gani. Halafu urefu wa mchana wenyewe unakuambia kaskazini au kusini. Huku kwetu mchana ni saa 12 hivi mwaka mzima, lakini mwezi wa sita ukienda kaskazini mchana unarefuka na kurefuka mpaka ukifika tundra jua halizami kabisa. Kwahiyo kwa mwanga tu na saa tu mtu anachora ramani ya safari nzima. Yaani mi nilipoelewa hili mara ya kwanza sikulala.

Kina kasoro zake. Mwishoni mwa mwezi wa tatu na wa tisa mchana na usiku vinalingana dunia nzima, kwahiyo kwa wiki kadhaa hujui ndege yuko kaskazini au kusini kiasi gani, na bahati mbaya hiyo ndo miezi yenyewe ya kusafiri. Hata siku za kawaida kinaweza kukosea kwa kilomita mia na zaidi. Na kule kwenye jua lisilozama hesabu ya kuchomoza na kuzama haipo. Ila kuna kitu kizuri kimetokea bila mtu kupanga, ndege akilalia mayai mguu unaingia chini ya tumbo, kidude kinaona giza, kwahiyo watafiti wakisoma yale maandishi wanaona kabisa hapa alikuwa analalia, hapa aliinuka kwenda kula.

Kasoro kubwa kuliko zote ni kwamba kumbukumbu zote zimo ndani ya kidude. Lazima umkamate ndege yuleyule tena mwaka unaofuata. Asiporudi, au akirudi usimpate, habari yote imepotea.

Hakuna njia isiyohitaji kumkamata tena?

Ipo, redio. Mfumo unaitwa Motus, umeanzia Canada mwaka 2014. Ndege anabandikwa kiredio kidogo sana, kila kimoja kinapiga mlio wenye alama yake kila baada ya sekunde chache, na ardhini kuna minara yenye antena inayosikiliza. Ndege akipita ndani ya kilomita 15 hivi za mnara anaandikwa. Uzuri ni kwamba minara ni ya watu wengi tofauti na taarifa zinaingia sehemu moja, mnara wa mtu mmoja unamsikia ndege wa mtu mwingine. Ubaya, minara mingi sana iko Amerika Kaskazini, Afrika ni michache mno. Ndege wetu wanapita bonde lote la ufa kimya kimya, hakuna wa kuwasikia.

Hebu tupe rekodi zao, nani karuka mbali zaidi?

Limosa lapponica, huyu ni mkubwa kidogo, ana gramu mia tatu huko na zaidi. Mwaka 2007 jike mmoja aliyepewa namba E7 aliruka kutoka Alaska mpaka New Zealand kilomita 11,680 kwa siku 8 hivi. Mwaka 2022 mtoto wa miezi mitano, namba 234684, akatoka Alaska mpaka Tasmania, kilomita 13,560, siku 11. Bila kutua. Hawa sio bata, akitua baharini amekwisha, kwahiyo ni kupiga mbawa tu mchana na usiku, hali wala hanywi.

Lakini ninayempenda mimi ni Gallinago media, anayezaliana Sweden na huko, halafu anakuja Afrika. Wasweden walimfunga jiolokeita wakakuta anatoka kwao mpaka Afrika ya kati kilomita 4,000 mpaka karibu 7,000 kwa siku mbili mpaka nne tu, na kasi yake inafika kilomita 97 kwa saa kwa wastani wa safari. Wakarudia na vifaa vinavyopima urefu wa kwenda juu. Wakakuta usiku anaruka chini chini, kukikucha anapanda, na mmoja alifika mita 8,700. Kibo ni mita 5,895! Yaani chukua Kilimanjaro, ongeza juu yake karibu nusu ya Kilimanjaro nyingine, ndo huyo ndege anapita hapo na mbawa zake mwenyewe. Wanadhani anakwepa joto la jua, maana misuli ikifanya kazi hivyo mwili unachemka na huko juu ni baridi.

Na kuna yule Phalaropus lobatus wa kisiwa cha Fetlar huko Shetland, Scotland. Watu wote walidhani ndege wa kule wanaenda bahari ya Uarabuni kama ndugu zao wa Skandinavia. Mwaka 2012 wakafungwa vidude, 2013 akakamatwa mmoja, wakasoma wakashangaa, kumbe alivuka Atlantiki yote akaenda mpaka bahari ya Pasifiki karibu na Peru, akarudi. Ndege mmoja tu, na kila mtu alikuwa amekosea.

Wanakula nini njiani, na wanajuaje njia?

Kabla ya safari wanakula mpaka mwili unakaribia mara mbili, mafuta ndo petroli yao. Wale wa safari ndefu kabisa wanapunguza hata tumbo na utumbo kabla ya kuondoka, viungo vya kusaga chakula vinasinyaa maana havina kazi angani, vikifika vinakua tena. Ndo maana ndege aliyefika amechoka hawezi kula vizuri siku ya kwanza, anahitaji utulivu, usimfukuzefukuze.

Njia wanatumia jua, nyota na usumaku wa dunia. Kinachonishangaza ni watoto. Wazazi wa Calidris ferruginea wanaondoka kwanza, dume hata mayai hayajaanguliwa ameshaanza safari, jike anafuata, watoto wanabaki wenyewe kwenye tundra, wanakula wananenepa, halafu wanaondoka wiki kadhaa baadaye kuja Afrika ambayo hawajawahi kuiona na hakuna wa kuwaongoza. Wanafika. Wanashuka Manyara, wanashuka Momella.

Je kifaa hakimuumizi ndege?

Naomba nijibu kwa ukweli maana wengine wanalifunika hili. Kikifungwa vizuri na mtu anayejua, wengi hawaonyeshi tatizo. Lakini zimefanyika tafiti za kulinganisha waliofungwa na wasiofungwa kule Aktiki, na kwa baadhi ya aina ndogo kabisa ilionekana waliofungwa walirudi wachache. Kwahiyo sio kila ndege afungwe, ni mpaka kuwe na swali la maana la kujibu.

Nilishasaidia mara mbili watafiti wenye kibali. Unatega nyavu nyembamba usiku usio na mbalamwezi, unakaa gizani na mbu wanakula masikio, kila baada ya dakika chache unapita na taa ya kichwani. Anatolewa, anawekwa kwenye kifuko cha kitambaa, kifuko kinaning'inizwa kwenye mzani wa springi, unatoa uzito wa kifuko. Nilimshika Calidris minuta kwa mtindo walionifundisha, shingo kati ya vidole viwili, mgongo kwenye kiganja, hukazi hata kidogo. Moyo wake hausikii ukipiga, unasikia kama unatetemeka tu mkononi, na anapumua, na ana joto kuliko nilivyotegemea. Walimpuliza manyoya ya tumboni taratibu kuangalia mafuta, yanaonekana ya njano chini ya ngozi. Pete ilibanwa kwa koleo maalum. Dakika chache tu, nikafungua kiganja, akakaa sekunde mbili hajui kama yuko huru, akaondoka.

Na msijaribu wenyewe. Kukamata ndege pori bila kibali ni kosa, vibali vya utafiti vinapitia COSTECH, ile tume ya sayansi na teknolojia, na TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na TAWIRI makao yake makuu ni hapahapa Arusha.

Nimeona ndege ana pete, nifanyeje?

Hapa sasa ndo unaingia kazini.

Mwaka juzi mwezi wa pili nilikuwa kwenye jaruba lililotoka kuchavangwa, yaani tope limevurugwa tayari kwa kupandikiza, maji ya kifundoni, Calidris pugnax kama arobaini. Mmoja mguuni kuna kitu kinametameta. Nikapiga picha moja, nikafurahi, nikainuka nisogee, kundi lote likaruka. Nyumbani nafungua picha, namba tatu tu zinaonekana, zilizobaki ziko upande wa pili wa mguu. Nilirudi siku nne mfululizo sikumuona tena. Mpaka leo inaniuma, maana huyo ndege alishavishwa na mtu mahali fulani duniani, ameishi, amefika Moshi, na jibu liliishia kwenye nusu ya pete.

Kwahiyo usisogee. Kaa chini palepale ulipo, piga picha nyingi kadri anavyogeuka, kwa simu kupitia darubini inawezekana kabisa ukizoea. Kama ana vibendera vya plastiki vya rangi andika rangi zote, na uandike mguu gani, wa kulia au wa kushoto wa ndege mwenyewe sio wa kwako, juu ya goti au chini ya goti. Nasema goti ila kile kinachokunjika kwenda nyuma kitaalamu ni kifundo, usijali, ukiandika goti wataelewa. Rangi na mahali ilipokaa ndo vinaonyesha nchi aliyovishwa. Ongeza tarehe, saa, mahali penyewe, na walikuwa wangapi.

Pete yenyewe ina maandishi ya mahali pa kutoa taarifa, nyingine makumbusho ya Nairobi, nyingine SAFRING, ofisi ya pete ya Cape Town, za Ulaya unaripoti kupitia EURING, mtandao wa pete wa huko. Ukishindwa kabisa wapelekee Nature Tanzania, shirika la uhifadhi, wako Arusha, au TAWIRI. Ndege akiwa hai pete haitolewi kamwe. Akiwa amekufa usimshike kwa mkono mtupu, kuna mafua ya ndege, geuza mfuko wa plastiki ndani nje umshikie, piga picha ya pete pande zote.

Jibu likirudi utaambiwa alivishwa wapi na lini, na ripoti yako inaingia kwenye historia ya huyo ndege.

Sina darubini ya bei, naweza kusaidia?

Unaweza sana tu. Hesabu peke yake ni data. Kila mwezi wa kwanza kuna sensa ya kimataifa ya ndege wa majini iliyoanza 1967, na huku kwetu wanaohitajika ni watu wanaoweza kukaa juani na kuhesabu bila kukisia kisiasa. Kwenye eBird, mtandao wa kuandikia ndege ulioona, pia unaweza kuingiza ulichokiona kwa simu, bure. Na mara mbili kwa mwaka, Jumamosi ya pili ya mwezi wa tano na wa kumi, ni siku ya ndege wahamaji duniani, ilianzia jirani hapo Kenya 2006, watu wanatoka pamoja, hiyo ni nafasi nzuri ya kujifunza kwa wanaojua.

Niende wapi kuwaona?

Momella, ndani ya hifadhi ya Arusha, yale maziwa ya magadi, asubuhi. Manyara pembeni ya ziwa maji yakiwa yamepungua. Bwawa la Nyumba ya Mungu ni kubwa na halina watu wanaohesabu, nalililia sana. Majaruba ya Lower Moshi, Mabogini na Chekereni, wakati wa kuchavanga kabla mpunga haujafunika maji. Na mabwawa ya majitaka, msicheke, harufu ipo ila chakula chao kimejaa hapo.

Ukiwa Momella au Natron utaona na wengine wanaofanana nao ambao hawaendi huko kaskazini, Charadrius pecuarius na Charadrius pallidus. Huyu wa pili wa kundi la mashariki yuko kwenye maziwa ya magadi ya kusini mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania, ni wa kwetu kabisa.

Kwani wakipungua kuna shida gani, si ndege tu?

Nitajibu kwa ndege mmoja, Numenius tenuirostris. Alikuwa anazaliana Siberia na msimu wa baridi anashuka mpaka Afrika ya kaskazini. Viota vyake vilivyothibitishwa vilionekana sehemu moja tu, karibu na mji wa Tara, mwanzoni mwa miaka ya 1900, baada ya hapo hakuna aliyepata kingine. Akaendelea kupungua na watu wanatafuta wapi anazaliana ili wamlinde, hawapati. Mara ya mwisho kuonekana kwa uhakika ni 1995, Merja Zerga, Morocco. Sasa amehesabiwa ametoweka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufungwa kifaa, vifaa vya kumtosha vilikuja vimechelewa. Alikuwa anaenda mahali kila mwaka, mahali penyewe papo, na binadamu hakujua.

Mwaka 2024 aina 16 za ndege hawa wa matopeni zilipandishwa kwenye orodha ya hatari duniani kwa mkupuo mmoja, na Calidris ferruginea, huyuhuyu wa Manyara na Momella, yumo. Tanzania imo kwenye mkataba wa AEWA wa kuwalinda ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika na Ulaya na Asia, uliopatikana 1995. Lakini huwezi kulinda njia usiyoijua. Ndege akipoteza tope moja la kujazia mafuta hawezi kuruka na tumbo tupu mpaka tope linalofuata, na ni ramani za hivi vidude ndo zinazoonyesha ni tope lipi hilo.

Wanaondoka lini, nataka kuwaona wakiondoka.

Mwezi wa nne. Anza kuangalia rangi, huyu Calidris ferruginea wa kijivu uliyemzoea anaanza kuwa mwekundu kama matofali kifuani, Calidris minuta anapata rangi ya kutu shingoni. Wananenepa mpaka wanakimbia kwa shida. Nenda jioni, kama saa moja kabla ya giza, siku isiyo na mvua na upepo unaosukuma kwenda kaskazini. Kwanza wanaacha kula, wanaoga, wanajinyoosha mbawa. Halafu kelele zinaanza, mmoja anaita, mwingine anajibu, kundi linainuka linazunguka, wengine wanabadili mawazo wanarudi chini. Waliobaki angani wanapanda, hawashuki tena, wanajipanga mstari wanapita kushoto kwa mlima.

Ukirudi mwezi wa sita utakuta wachache wamebaki na ni wa kijivu vilevile. Sio wagonjwa, ni watoto wa mwaka jana, hawajafikia kuzaa, wengi wanasubiri hapahapa mpaka wenzao warudi. Na wao wahesabu, uandike kabisa kwamba hawana rangi.